Maswali ya wasomaji: Namba za fundi na bajeti ya miaka kumi

Barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wanaosimamia visima virefu vya maji vijijini, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Fundi anazunguka visimani kila mwezi na kurudi na namba. Namba zinalala daftarini. Pampu ikifa, kamati inaitisha mchango wa dharura na kununua chochote kilichopo dukani. Tumechagua maswali sita. Bei zote zilizotajwa ni za mfano tu, weka za kwako.

SWALI: Shikamooni wakuu. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji huku Manyoni. Tuna visima 12 vyenye pampu za umeme, na daftari za fundi tunazo tangu 2019. Kamati inataka mpango wa miaka kumi wa kubadilisha vifaa. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza na orodha ya vifaa, usianze na orodha ya visima. Kisima namba 4 ni mahali, mota iliyomo ndani yake ni kifaa. Mota ikitolewa namba 4 ikashushwa namba 9, historia yake lazima iende nayo. Daftari nyingi huandika kila kitu kwa jina la kisima, na ndiyo maana mota iliyokwisha kusukwa upya mara mbili huonekana changa kwa sababu tu imehamia shimo jingine. Chukua namba ya kiwandani iliyo kwenye kibati cha mota na cha pampu, ipige picha kabla haijashushwa, kisha iandike kwa rangi isiyofutika ndani ya mlango wa paneli ya umeme (kabati la swichi za pampu). Kikishazama, kibati hukioni tena mpaka siku ya kuvuta.

Kila kisima kigawe vipande, maana havizeeki pamoja: pampu yenyewe (sehemu yenye impela, yaani magurudumu yanayosukuma maji), mota, kebo ya kushukia, bomba la kupandishia maji, paneli ya umeme, chanzo cha umeme, tenki na mita ya maji. Ukiandika "pampu" kwa jumla utajikuta unanunua mota nzima wakati zilizolika ni impela peke yake. Mbele ya kila kipande weka tarehe kiliposhushwa (si tarehe ya risiti, kwa sababu vingine hukaa stoo mwaka mzima), na gharama ya kukibadilisha leo. Gharama hiyo ibebe winchi, usafiri, mafundi, kiungio cha kebo cha kuzuia maji na kamba. Bei ya mkandarasi aliyejenga mradi usiitumie, kwa kuwa ndani yake kuna mambo ambayo hutayarudia.

Sasa namba za kila mwezi: saa za kazi kutoka awamita, ujazo wa maji kutoka mita, uniti za umeme au lita za dizeli, presha kwenye mdomo wa kisima, volti na ampia za fezi zote tatu. Kila miezi mitatu pima kina cha maji mara mbili, pampu ikiwa imepumzika usiku kucha na pampu ikiwa imefanya kazi saa kadhaa. Mara mbili kwa mwaka pima kinga ya waya, yaani jinsi gamba lake linavyozuia umeme kuvuja, kwa mega (kipimo cha kinga hiyo) ya volti 500.

Kabla hujaziamini daftari za zamani, zikague. Awamita ikibadilishwa huanza upya sifuri, na kama hakuna aliyeandika namba ya mwisho ya ile ya kwanza, miaka ya kazi imepotea. Ampia zilizo sawa kabisa fezi zote tatu, miezi mitatu mfululizo, hazikupimwa, zimenakiliwa. Ziwekee alama uziache nje ya hesabu. Afadhali pengo kuliko namba ya uongo, kwa sababu pengo linajulikana kuwa ni pengo.

SWALI: Kisima chetu kilikuwa kinatoa mita za ujazo 10 kwa saa mwaka 2019, sasa kinatoa 7.5. Tumeshauriwa tutenge fedha za pampu kubwa zaidi. Je, ni sawa? — Fundi, Kondoa

Usitenge hata senti kabla ya kupima kina cha maji. Maji kupungua kuna sababu angalau nne, na kila moja ina bajeti yake.

Tuseme siku ya kwanza maji yalikuwa mita 42 chini pampu ikiwa imezimwa, na mita 58 ikiwa inafanya kazi. Yalishuka mita 16 kwa kutoa mita za ujazo 10. Gawanya 10 kwa 16, unapata 0.625. Hiyo ndiyo afya ya kisima chako, na uilinde kama tarehe ya kuzaliwa.

Pima leo. Kama maji yaliyotulia bado yako mita 42 lakini pampu ikiwaka yanakwenda hadi mita 68, yameshuka mita 26 kwa kutoa 7.5 tu. Hesabu inakuwa 0.29. Kisima kimeziba: vitundu vya chujio vimejaa kutu, chokaa au udongo laini. Pampu kubwa hapa ni hasara mbili. Itavuta maji chini zaidi, itaanza kunyonya mchanga, na siku moja itazunguka kavu. Kinachotakiwa ni kusafisha kisima kwa brashi na kompresa, na chokaa ikiwa ngumu aitwe mtaalamu wa tindikali.

Kama pampu ikiwaka maji yanakwenda hadi mita 54, yaani yameshuka 12 kwa kutoa 7.5, hesabu ni 0.625 ileile. Kisima ni kizima, tatizo liko kwenye pampu au bomba lake. Zima pampu, funga geti valvu, angalia geji. Presha ikikaa ilipo, bomba na chekivalvu (valvu inayozuia maji kurudi chini) ni vizima, basi impela zimelika. Presha ikishuka haraka, au ukiwasha tena maji yanachelewa kufika juu, kuna tundu kwenye bomba au chekivalvu haifungi. Bomba la chuma kwenye maji ya chumvi hutoboka kwenye nyuzi za maungio kwanza. Ukitaka uhakika zaidi, washa pampu geti valvu ikiwa imefungwa, isizidi dakika moja, usome presha ya juu kabisa na kuilinganisha na jedwali la kiwanda. Fanya hivyo endapo tu bomba na geji vinahimili presha hiyo.

Kama maji yaliyotulia nayo yameshuka, tuseme kutoka 42 hadi 49, linganisha na vipimo vya mwezi uleule wa miaka mingine. Oktoba kwa Oktoba. Ukilinganisha Aprili na Oktoba utalia bure. Yakishuka kila mwaka bila kurudi, fedha za kutafutwa ni za kushusha pampu chini zaidi au za kisima kingine, na hiyo ni safari ndefu ya bajeti. Ndiyo sababu tunasisitiza kuanza kupima mapema. Sababu ya nne ni nyepesi: mita ya maji yenyewe imechoka. Jaza pipa la lita 200 kwa saa ya mkononi uihakikishe. Kwa mita za ujazo 7.5 kwa saa, pipa linajaa kwa sekunde 96.

Sasa tuseme umethibitisha impela zimelika. Je, ubadilishe mwaka huu au uvumilie? Umeme ndio utakaokujibu. Nguvu inayofika kwenye maji kwa kilowati ni mita za ujazo kwa saa, mara urefu wote wa kupandisha kwa mita, gawanya kwa 367. Mwaka 2019: kina cha mita 58 na presha ya bar 4.1, ambayo ni karibu mita 42, jumla mita 100. Mara 10, gawa 367, ni kilowati 2.72. Umeme ulioingia ulikuwa kilowati 5.5, hivyo ufanisi ulikaribia asilimia 50. Leo: mita 54 na bar 3.9, jumla karibu 94, mara 7.5, gawa 367, ni kilowati 1.92. Umeme unaoingia ni 5.3. Ufanisi ni asilimia 36.

Kwa lugha ya mhasibu: zamani kila mita ya ujazo ilikula uniti 0.55, leo inakula 0.71. Mkiuza mita za ujazo 2,000 kwa mwezi, mnapoteza uniti 320. Uniti ikiwa shilingi 300, hiyo ni shilingi 96,000 kwa mwezi, zaidi ya milioni 1.1 kwa mwaka. Kama pampu mpya bila mota, pamoja na kuvuta na kushusha, ni milioni 2.5, inajilipa ndani ya miaka miwili na ushee. Peleka hesabu hiyo kwenye kamati, badala ya kusema "pampu imezeeka".

SWALI: Nimechukua pampu zetu nne zilizokufa. Ziliishi miaka 2, 3, 3 na 4. Wastani ni miaka 3. Nimepanga kununua pampu 4 kila mwaka kwa visima 12. Mwenyekiti amekataa bajeti. Nimekosea wapi? — Mhasibu, Iramba

Umehesabu waliokufa, umewaacha walio hai. Barua yako inasema visima vyote 12 vilianza kazi miaka sita iliyopita, na pampu nane za awali bado zinapiga kazi. Nane hizo nazo zina ushahidi wa kutoa.

Hesabu hivi: visima 12 mara miaka 6 ni miaka 72 ya kazi. Vifo ni vinne. Gawanya, kifo kimoja kwa kila miaka 18 ya kazi. Visima 12 vikikusanya miaka 12 ya kazi kila mwaka, tarajia kifo kimoja kila mwaka mmoja na nusu, au sita hadi saba kwa miaka kumi. Bajeti yako ya awali ingenunua 40.

Ila usiandike popote kwamba pampu inaishi miaka 18. Hesabu hii inasema kilichotokea zikiwa bado changa, na zile nane zinazidi kuzeeka. Kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo wa mpango itakufaa, kwa miaka ya mbele panga kwa vipimo vya kila kifaa. Na bahati nayo ina nafasi yake, vifo saba vinaweza kuwa kumi. Kwa hiyo weka stoo pampu moja na mota moja ya saizi inayotumika visima vingi. Kama visima vyenu vina saizi sita tofauti, kila mnapobadilisha sogeeni kwenye saizi mbili au tatu, ili kipuri kimoja kikinge visima vingi.

Jambo jingine, daftari lako limeandika "imekufa" mara zote nne. Neno hilo halisaidii kitu. Mpe fundi sababu za kuchagua: kukauka, mchanga, radi, umeme mbovu, kebo au kiungio, uchakavu, haijulikani. Mafundi waliovuta bado wapo, waulize. Ikiwa mbili kati ya nne ziliungua kwa kuzunguka kavu, kitu cha kwanza kwenye mpango wako si pampu, ni kinga ya kuzima pampu maji yakiisha, kwa visima vyote 12. Bei yake ni ndogo mno kando ya bei ya mota.

SWALI: Mota yetu bado inapiga kazi. Nitajuaje imebakiza muda gani? — Fundi, Bahi

Mega na klampu mita (kipimo cha ampia kinachobana waya), na subira ya kuandika.

Tenganisha kebo na paneli ya umeme kabla ya kupima mega. Ukipima huku inveta (kifaa cha elektroniki kinachoendesha mota) imeunganishwa unaiua. Mota mpya iliyozama pamoja na kebo yake inatakiwa isome megaomu 2 na zaidi. Kati ya 0.5 na 2 bado ni nzuri kwa kazi. Chini ya 0.5 kuna jeraha. Lakini namba moja haitoshi, angalia inavyoteremka. Iliyosoma 80, kisha 30, kisha 9, kisha 2 inakuambia iingizwe bajeti ya mwaka ujao. Iliyokaa kwenye 3 miaka minne, iache. Na siku ya kuvuta, pima mota peke yake kabla ya kuitupa, kwa sababu mara nyingi mkosaji ni kiungio cha kebo.

Kwa ampia, tuseme umesoma 11.2, 11.6 na 12.6. Wastani ni 11.8. Iliyo mbali zaidi imepishana kwa 0.8. Gawanya kwa 11.8, ni karibu asilimia 6.8. Ukivuka asilimia 5 mota ikiwa kwenye mzigo wake kamili, inapata joto lisilo lake na umri unakatika. Zima umeme, hamisha waya zote tatu za mota hatua moja kwa mpangilio uleule ili mzunguko usigeuke, pima tena. Ampia kubwa ikibaki kwenye fezi ileile ya umeme, tatizo liko kwenye umeme unaoingia, na mota mpya ingeungua vilevile. Ikihama pamoja na waya wa mota, tatizo liko chini.

SWALI: Sisi tunatumia sola, na jenereta ya akiba. Saa za pampu kwenye kidhibiti zimefika nyingi kuliko za wenzetu wa umeme wa gridi. Je, tubadilishe mapema? — Msimamizi wa mradi, Kwale

Saa za sola usizilinganishe na za gridi. Asubuhi na jioni, au wingu likipita, mota inazunguka polepole. Tumia ujazo wa maji na uniti zilizotumika kupima kazi iliyofanyika.

Kwenye mpango tenganisha paneli za sola, fremu, kidhibiti na pampu. Paneli nyingi huuzwa na dhamana ya nguvu ya miaka 25, kidhibiti hakifiki huko, kwa hiyo atakayeandika "mfumo wa sola, miaka 25" ataachwa bila maji katikati. Maji yakipungua, osha paneli kwanza. Kisha linganisha siku za jua kali za mwezi mmoja mwaka hadi mwaka. Pwani, kagua boliti za fremu na viunganishi kila mwaka, chumvi inaanzia hapo. Viunganishi vya viwanda tofauti vilivyolazimishwa kukaa pamoja hupata joto hadi kuyeyuka.

Jenereta: badilisha oili kila saa 250, au kama kitabu chake kinavyosema, na uhesabu lita kwa kila uniti. Jenereta yenye mzigo unaolingana nayo hutumia takriban lita 0.3 kwa uniti. Yako, kwa namba ulizotuandikia, ni ya kVA 20 na inakula lita 2.5 kwa saa huku ikitoa kilowati 5.5, yaani lita 0.45 kwa uniti. Hapo huenda injini haijachoka kabisa, ni kubwa kupita kazi, na injini ya dizeli ikizoea mzigo chini ya asilimia 30 hujaa masizi. Wakati wa kuibadilisha weka na kifaa cha kuiwasha mota taratibu, jenereta ndogo itatosha. Usinunue ya kVA 20 tena kwa sababu tu ndiyo iliyokuwepo.

SWALI: Tumeshajua mota ya kisima kikuu imebakiza kama miaka 5. Tuweke kiasi gani kila mwezi, na tuombe lini? — Mweka hazina, Manyoni

Mota leo ni milioni 4 pamoja na kuishusha. Ukikadiria bei inapanda asilimia 6 kwa mwaka, zidisha kwa 1.06 mara tano, unapata karibu shilingi 5,353,000. Mna akiba ya 1,200,000. Inabaki 4,153,000. Gawanya kwa miezi 60, ni shilingi 69,200 hivi kwa mwezi. Kwa mauzo ya mita za ujazo 2,000, ni shilingi 35 kwa mita ya ujazo. Ndoo za lita 20 zimo 50 humo, kwa hiyo ni senti 70 kwa ndoo. Wananchi wakionyeshwa senti 70 pamoja na karatasi ya vipimo vya mega, mkutano unakuwa mwepesi kuliko wa kuchangisha milioni tano siku ambayo bomba limekauka. Fanya hesabu hii kwa kila kipande, ujumlishe. Fedha hizo zikae akaunti yake, zisichanganywe na posho wala umeme.

Fedha zisipotosha vyote, usipange kwa umri. Panga kwa vitu viwili: vipimo vinavyosema kifaa kiko karibu kufa, na watu wangapi watakosa maji bila chanzo kingine cha karibu. Kisima cha zahanati na shule kitangulie kile chenye jirani yake mita 300.

Kuhusu lini: mwaka wa fedha huanza 1 Julai, Tanzania na Kenya pia, na makisio hukusanywa miezi mingi kabla. Pima kina, mega na presha Oktoba hadi katikati ya Novemba, maji yakiwa chini kabisa na mvua za kanda ya kati hazijakolea. Chukua bei kwa wauzaji watatu mwezi Novemba. Desemba peleka karatasi moja kwa kila kisima wilayani, kwenye ofisi ya RUWASA (wakala wa maji vijijini Tanzania), ikiwa na namba za miaka iliyopita upande wa kushoto na za mwaka huu upande wa kulia. Vitu vya kununua kwa akiba yenu wenyewe viwe ukurasa mmoja. Vile vinavyozidi uwezo wenu, kama kisima kipya au tenki, viwe ukurasa mwingine, kila kimoja kikiambatana na kipimo kilichokifikisha hapo.